Matundu Matatu Ubavuni mwa Mbwa

*Upasuaji wa matundu madogo unaondoa uvimbe wa pafu la mbwa bila kutanua mbavu zake. Hauongezi miaka ya kuishi. Thamani yake iko kwingine.*

Mara nyingi habari huanza na kikohozi. Mbwa wa miaka kumi au kumi na moja, mzee kwa hesabu za mbwa, anaanza kukohoa kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Wakati mwingine hata kikohozi hakuna. Amepelekwa kliniki kung'olewa jino bovu, daktari akampiga picha ya kifua ili ajiridhishe kabla ya kumtia usingizi, na pale nyuma ya moyo, upande wa kulia, pakaonekana doa la mviringo ambalo halikupaswa kuwapo.

Kwa miaka mingi mwenye mbwa wa namna hiyo, hata kama alikuwa anaishi karibu na hospitali bora ya wanyama nchini Marekani, aliambiwa achague moja kati ya mawili: kifua kifunguliwe kwa mkato mrefu na mbavu zitanuliwe kwa chuma, au arudi nyumbani akasubiri kitakachotokea. Siku hizi hospitali za vyuo vikuu kama California kule Davis na Colorado State zina njia ya tatu. Daktari anatoboa matundu matatu ubavuni, anaingiza kamera na vifaa vyembamba, anaikata sehemu ya pafu yenye uvimbe na kuitoa ikiwa ndani ya mfuko. Mbwa anabaki na makovu madogo ambayo manyoya yatayaficha.

Njia hii inasifiwa sana, na nusu ya sifa hizo si zake. Haiponyi saratani kuliko kisu cha zamani, wala haimwongezei mbwa miaka. Inachofanya ni kumpunguzia maumivu ya siku na wiki za mwanzo. Kwa mnyama ambaye muda wake uliobaki unahesabiwa kwa miezi, wiki mbili za kupumua bila maumivu ni sehemu kubwa ya maisha.

Ugonjwa wenyewe

Uvimbe unaoanzia ndani ya pafu ni nadra kwa mbwa. Katika kila vivimbe mia vinavyogunduliwa kwa mbwa, cha namna hii ni kimoja hivi. Unaoonekana zaidi mapafuni ni ule uliosafiri kutoka kwingine: kwenye chuchu, kwenye mifupa, kinywani. Kujua umetoka wapi ndiyo hatua ya kwanza ya matibabu. Uvimbe mmoja uliozaliwa pafuni unaweza kukatwa na mbwa akaendelea na maisha yake. Vinundu vilivyotapakaa kulia na kushoto maana yake ugonjwa umeshasambaa, na hapo kisu hakina kazi kubwa tena.

Maumbile ya mapafu ya mbwa yanamsaidia mpasuaji. Pafu la kushoto lina mapande mawili na la kulia manne, na kila pande lina tawi lake la bomba la hewa, ateri yake na vena yake. Ukivifunga hivyo vitatu, pande zima linaondoka bila kuyadhuru yaliyo jirani. Akiba nayo ni kubwa: pafu la kushoto ni kama asilimia 42 ya mapafu yote, na mbwa ambaye upande wake wa kulia ni mzima anaweza kulikosa lote na bado akatembea, akala na kubweka.

Dalili hazitabiriki. Kikohozi kinaongoza, kikifuatiwa na kuchoka upesi, kukonda na kukosa hamu ya kula. Kuna mbwa wanaoletwa wakichechemea, miguu imevimba na ina joto, mwenye mbwa akidhani ni baridi yabisi. Picha ya miguu inaonyesha tabaka jipya la mfupa limeota juu ya mfupa wa zamani. Hilo ni jibu la mwili kwa kitu kilichoko mbali kabisa, kifuani. Uvimbe wa pafuni ukiondolewa, maumivu ya miguu hupungua, wakati mwingine ndani ya siku chache.

Picha za eksirei, ambazo hupigwa kwa mikao mitatu, zinatosha kuleta shaka. Hazitoshi kuamua. Mwaka 2006 watafiti waliwachunguza mbwa wenye saratani iliyosambaa, wakiwapiga eksirei na pia kuwapima kwa mashine ya CT, kisha wakalinganisha picha. Kati ya vinundu vyote ambavyo CT ilivionyesha, eksirei ilikuwa imeona asilimia 9 tu. CT inaona kinundu cha milimita 1, ilhali eksirei inaanza kukiona kikifika milimita 7 hadi 9. Kwa hiyo mbwa aliyetangazwa kuwa na uvimbe mmoja kwa eksirei anaweza kuwa na kumi. Kumpasua bila kujua hilo, hata kwa matundu madogo namna gani, ni kumwongezea mateso.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mbwa amelazwa ubavu, upande wenye ugonjwa ukiwa juu. Amenyolewa kutoka begani hadi mbavu za mwisho, maana mbwa ana jozi 13 za mbavu na daktari anataka kuzihesabu kwa vidole kabla ya kutoboa. Kibanio chenye mwanga mwekundu kimeubana ulimi wake, na kutoka hapo namba za oksijeni zinasomeka kwenye skrini.

Kazi ngumu ya kwanza inamwangukia daktari wa usingizi. Pafu linalopumua linajaza kifua chote na halimwachii mtu nafasi ya kufanya lolote, hivyo lazima lilazwe. Akiongozwa na kamera nyembamba inayopita kwenye bomba la hewa, anaingiza mrija wenye puto dogo nchani hadi kwenye tawi la upande mgonjwa. Puto likijazwa hewa, njia inaziba, na pafu la upande ule linanywea polepole huku la pili likiupumulia mwili mzima. Shida ni kwamba damu inaendelea kupita kwenye pafu lililolala na kutoka bila oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana macho ya daktari wa usingizi hayabanduki kwenye namba zile. Zikishuka mno, kila mtu anatoa mkono wake, pafu linajazwa tena, wanasubiri.

Kisha yanakuja matundu, kwa kawaida matatu, ya milimita 5 hadi 12, kila moja likipita kati ya ubavu na ubavu. Moja ni la kamera, mengine ni ya vifaa. Upasuaji wa aina hii ukifanyika tumboni, gesi hupulizwa ili kuinua ukuta wa tumbo na kupata nafasi. Kifuani gesi haihitajiki, kwa sababu mbavu hazibonyei, na pafu likinywea, nafasi inapatikana yenyewe.

Kama uvimbe uko kwenye pande la nyuma, ambako vingi hupatikana, utando unaolishikilia pande hilo hukatwa kwanza ili liwe huru. Sasa inaletwa stepla ya upasuaji, yenye mdomo wa milimita 45 au 60. Mpasuaji anaubana mdomo huo kwenye shina la pande, mahali ambapo tawi la hewa, ateri na vena huingia kwa pamoja. Anautazama kwenye skrini upande wa mbele, anageuza kamera, anautazama kwa nyuma, ahakikishe kwamba hakijanaswa kitu kingine. Anasubiri kidogo nyama ibanike vizuri. Halafu anakamua mpini. Safu sita za pini zinazama, tatu upande huu na tatu upande ule, na wembe unapita katikati yake, yote kwa mkupuo mmoja. Pini zikikaa sawa, damu haitoki. Zisipokaa sawa, ateri inayoleta damu kutoka moyoni inafunguka ndani ya kifua kilichofungwa, na timu ina muda mfupi sana wa kukifungua na kuibana. Seti ya vyombo vya upasuaji wa kufungua huwa tayari mezani tangu mwanzo kwa ajili ya dakika hiyo.

Pande lililokatwa halivutwi hivihivi. Linatiwa kwanza kwenye mfuko ndani ya kifua, tundu moja linapanuliwa kidogo, ndipo mfuko unatolewa. Seli za saratani zikigusa kingo za kidonda zinaweza kuota hapo hapo, na mbwa aliyepona pafu akarudi na uvimbe ubavuni.

Kabla ya kufunga, maji ya chumvi ya vuguvugu yanamiminwa kifuani hadi yafunike mahali palipokatwa, pafu linajazwa hewa, na wote wanatazama skrini. Wanatafuta mapovu, kama fundi baiskeli anayeizamisha tyubu ndani ya beseni ili aone inapovuja. Mapovu yasipoonekana, maji yanafyonzwa, mrija wa kutolea hewa na majimaji unaachwa kifuani kwa muda, na dawa ya ganzi inachomwa kwenye mishipa ya fahamu iliyo chini ya mbavu.

Maumivu yanavyopimwa

Ili kuelewa faida ya haya yote, tazama njia ya zamani inafanya nini. Kisu kinapita kati ya mbavu mbili, mara nyingi ya tano na ya sita, misuli inakatwa, kisha chuma cha kutanulia kinazisukuma mbavu zitengane hadi mikono iingie. Mishipa ya fahamu iliyo pembeni mwa kila ubavu inabanwa na kuvutwa. Aliyevunjika mguu anaweza kuupumzisha mguu, lakini mbavu hazipumziki, kwa kuwa kila pumzi inazisogeza. Mbwa mwenye maumivu ya mbavu anapumua juujuu, na anayepumua juujuu hupata oksijeni kidogo, hakohoi makohozi yake, hali vizuri, halali vizuri.

Mbwa hawezi kusema anaumwa kiasi gani, lakini kuna namna ya kumsoma. Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, kilitengeneza fomu ambayo toleo lake fupi, lililotoka mwaka 2007, linatumika katika kliniki nyingi duniani. Muuguzi anaanzia mbali: je, mbwa analia au anaguna? Anakiangalia kidonda, anakilamba, anakitafuna? Kisha anamfunga kamba na kumtoa kizimbani aone anavyoinuka na kutembea. Halafu anabonyeza taratibu kwa vidole umbali wa sentimita tano hivi kuzunguka kidonda. Mbwa akigeuka kutazama ni alama moja, akishtuka ni mbili, akinguruma ni zaidi, akitaka kuuma ni zaidi tena. Jumla ya alama ni 24, na zikifika 6 dawa ya maumivu inaongezwa bila mjadala.

Ushahidi unasema nini

Mwaka 1999 kundi la watafiti lililinganisha njia mbili za kukata sehemu ya mfuko unaozunguka moyo wa mbwa, moja kwa kamera na nyingine kwa kufungua kifua. Mbwa waliofanyiwa kwa kamera walionyesha maumivu machache, vidonda vyao vilisumbua kidogo, na walirudi upesi katika hali ya kawaida. Huo si upasuaji wa pafu, lakini kifua ni kile kile na mbavu ni zile zile.

Kuhusu pafu lenyewe, ripoti za mwanzo zilikuwa za mbwa wachache wachache. Mwaka 2005 madaktari walieleza kuhusu mbwa tisa waliokatwa pande la pafu kwa kamera, baadhi yao wakilazimika kufunguliwa kifua kazi ikiwa katikati. Mwaka 2013 Philipp Mayhew na wenzake walichapisha ulinganisho mkubwa zaidi: mbwa 46 wa ukubwa wa kati na wakubwa, 22 wa kamera na 24 wa kufunguliwa, wote wakiwa na uvimbe ulioanzia pafuni. Anayetarajia ushindi wa kishindo atavunjika moyo. Upasuaji wa kamera ulichukua muda mrefu zaidi, na matokeo ya muda mfupi ya makundi mawili hayakupishana sana.

Zipo sababu za kuisoma taarifa hiyo kwa uangalifu. Ilitokana na mafaili ya hospitali, yaani mbwa hawakugawanywa kwa kura, na daktari ndiye aliyechagua nani afanyiwe nini kulingana na uvimbe ulivyokaa. Na kinachohesabiwa kwa urahisi katika faili ni saa za upasuaji na siku za kulazwa. Pumzi ya kwanza isiyouma haina safu yake kwenye karatasi. Hata hivyo funzo moja linabaki wazi, nalo ni kwamba njia ya kamera haikuonekana kuwa ya hatari kuliko ile ya zamani. Kama usalama unalingana, mwenye mbwa ana haki ya kuuliza ni ipi inayoumiza kidogo.

Kinachoamua mbwa ataishi muda gani hakina uhusiano na ukubwa wa mkato. Kinachotangulia ni mitoki, yaani tezi za limfu zilizo pale bomba la hewa linapogawanyika. Zikiwa safi, mbwa wengi hufikisha mwaka mmoja na wapo wanaouvuka kwa mbali. Saratani ikishazifikia, muda hushuka hadi miezi michache au wiki. Ukubwa wa uvimbe nao una uzito wake, na kadhalika namna seli zinavyoonekana chini ya darubini, na kama mbwa alikuwa ameanza kuonyesha dalili. Hapo ndipo upasuaji wa matundu una udhaifu wake: kuzifikia tezi hizo kwa vifaa virefu na kuchukua kipande cha kupeleka maabara ni kazi ngumu kuliko kwa mkono ulio ndani ya kifua kilicho wazi. Mpasuaji anayeiruka hatua hiyo kwa sababu ya ugumu wake anamnyima mwenye mbwa taarifa anayoihitaji kuliko zote.

Kwa sababu hiyo wagonjwa huchaguliwa. Anayefaa zaidi ni mbwa mwenye mwili wa kutosha vifaa kuzunguka ndani yake, mwenye uvimbe mmoja usio mkubwa sana, ulioko pembeni mwa pande na mbali na shina, ili stepla ipate nafasi ya kubana nyama nzima. Uvimbe ulioshikamana na shina au ukuta wa kifua, au uliojaza ubavu mzima, unataka njia ya zamani. Daktari anayeanza na kamera akaona mambo hayaendi, akafungua kifua, hajashindwa kazi. Anayeng'ang'ania matundu ili asionekane ameshindwa ndiye wa kuogopwa.

Deni kwa mbwa

Wapo watakaouliza kwa nini utaalamu wote huu unapewa mbwa, ilhali binadamu wengi hawajaupata. Ni swali la haki, ila historia ina jibu lake: utaalamu wenyewe ulianzia kwa mbwa.

Mwaka 1901, mbele ya mkutano wa madaktari mjini Hamburg, Mjerumani Georg Kelling alipuliza hewa ndani ya tumbo la mbwa hai, akaingiza bomba lenye taa na lenzi lililokuwa limetengenezwa kwa ajili ya kuchungulia kibofu, akatazama viungo vya ndani bila kulipasua tumbo. Hiyo inatajwa kuwa mara ya kwanza kwa kazi ya aina hiyo. Miaka tisa baadaye, mwaka 1910, Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alitangaza kwamba ameitumia njia hiyo kwa binadamu, tumboni na kifuani, na baadaye ikawa msaada kwa wagonjwa wa kifua kikuu.

Kufungua kifua nako kulisubiri mbwa. Kizuizi kilikuwa pumzi: kifua kikiingiwa na hewa ya nje, mapafu yananywea na mgonjwa anakufa mezani. Mwaka 1909 Samuel Meltzer na John Auer wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walionyesha kwamba mbwa anaweza kuwekwa hai kwa kupulizwa hewa moja kwa moja kwenye bomba la hewa kupitia mrija. Mrija anaowekewa leo mgonjwa yeyote wa upasuaji mkubwa umepitia hapo. Mwaka 1933 Evarts Graham wa St. Louis alimtoa daktari mwenzake pafu zima la kushoto lenye saratani, na mgonjwa akapona. Takriban miaka sitini baadaye, mwaka 1991, Giancarlo Roviaro wa Milan akakata pande la pafu la binadamu kwa kutumia kamera. Kutoka hapo ndipo vifaa na stepla zilipovuka kuja kwa madaktari wa mifugo.

Kuna deni lingine chungu zaidi. Mwaka 1970 Oscar Auerbach na Cuyler Hammond walitangaza matokeo ya utafiti uliohusisha mbwa 86 wa aina ya beagle. Wengi wao walivutishwa sigara kila siku kupitia tundu lililotobolewa kwenye koo, na baadhi wakaota uvimbe mapafuni. Kampuni za tumbaku ziliyapinga matokeo hayo kwa nguvu zote. Fadhila za punda ni mateke, na za mbwa hazikulipwa vizuri zaidi.

Somo la moshi halikuishia maabara. Mwaka 1992 watafiti wa Colorado waliangalia mbwa wa majumbani wenye saratani ya mapafu na kuuliza kama kuna mtu anayevuta sigara ndani. Uhusiano walioupata ulikuwa mdogo, lakini ulionekana zaidi kwa mbwa wenye pua fupi, ambao pua zao hazichuji hewa sana kabla haijafika pafuni. Na mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa saratani nyingi za mapafu za mbwa zina hitilafu katika jeni iitwayo HER2, jeni ambayo huharibika pia katika baadhi ya saratani za mapafu za watu wasiowahi kuvuta sigara. Mbwa anayetibiwa leo anaweza kuwa anamfundisha daktari wa binadamu kitu, safari hii bila kuumizwa kwa makusudi.

Kikohozi cha mbwa wa huku kwetu

Marekani mwenye mbwa hulipa maelfu ya dola kwa CT, upasuaji na kulazwa, na baadhi tu ndio wanaobebwa na bima. Kwa mwenye mbwa wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala upasuaji huu bado ni habari ya mbali. Lakini elimu iliyo nyuma yake inamfaa leo hii, kwa sababu mbwa wa Afrika Mashariki wana njia zao za kupata doa kifuani.

Ya kwanza ni minyoo aina ya Spirocerca lupi, ambayo watafiti waliieleza kwa mbwa wa Kenya katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1977. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, dundu wanaokula mavi huyameza, na mbwa humla dundu, au humla mjusi au kuku aliyemla dundu. Minyoo hupita kwenye kuta za mishipa ya damu hadi kwenye umio, karibu na moyo, na kujijengea vinundu humo. Mbwa hukohoa, hutapika, hukonda, na picha ya kifua huonyesha uvimbe ambao mtu mwenye haraka atauita saratani ya pafu. Kikiwa bado ni kinundu cha minyoo, dawa inakitibu. Kikiachwa kinaweza kugeuka saratani kweli na kusambaa mapafuni. Kumtupia mbwa utumbo mbichi wa kuku ni kumfungulia mlango mnyoo huyu.

Ya pili ni saratani ya chuchu kwa majike wasiofungwa uzazi, ambao huku ndio wengi. Takriban nusu ya vivimbe vya chuchu kwa mbwa ni saratani, na mapafu ni moja ya mahali inapokimbilia kwanza. Jike akilala chali upapase chuchu zote, kuanzia kifuani hadi kinenani, mara moja kwa mwezi. Kijigololi unachokipata leo hukatwa kwa upasuaji mdogo ambao kliniki ya kawaida inaumudu. Kikishafika pafuni hakuna kliniki, ya huku wala ya California, itakayokirudisha nyuma.

Na kwa mbwa yeyote mzee, hesabu pumzi zake akiwa usingizini. Mbwa mzima aliyelala hapiti pumzi 30 kwa dakika. Akizidi hapo siku kadhaa mfululizo, au kikohozi kikipita wiki mbili, omba picha ya kifua kabla ya kuongeza chupa nyingine ya dawa ya kikohozi. Hospitali za mafunzo za vyuo, kama ile ya Sokoine kule Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ni mahali pa kuanzia kwa mwenye shaka.

Picha ikionyesha doa, kuna maswali manne ya kumuuliza daktari, na hayabadiliki uwe Davis au Morogoro. Doa hili limezaliwa hapa au limetoka kwingine? Mitoki ya kifuani ikoje? Njia ipi itamwumiza kidogo bila kukuzuia kuutoa uvimbe wote? La nne huachwa na wengi hadi siku ya mwisho, nalo ndilo linalofaa kuulizwa mapema: ikiwa upasuaji haumfai, utampa nini ili asiumwe? Daktari mwenye jibu la kueleweka kwa swali hilo anastahili kuaminiwa mbwa wako, awe na kamera au asiwe nayo.